Waranti ya Mheshimiwa

Mliniacha wiki iliyopita nyuma ya kaunta ya duka langu, nikiikodolea macho kalenda. Tarehe niliyokuwa nikiiogopa mwaka mzima ilikuwa imefika.

Kwa anayeanza leo nitasema kwa kifupi, maana hadithi hii inanichosha hata mimi mwenyewe. Nauza vitu vya umeme: pasi, birika, feni, majiko. Nilianza kwa kutembeza mlango kwa mlango, leo nina duka. Kila ninachouza nakiandikia kadi ya njano kwa mkono wangu, nikatia sahihi na muhuri. Kikiharibika ndani ya miezi kumi na miwili, kirudishe, nakupa kingine, wala sikuulizi ulikifanyia nini. Kwa miaka kumi na tisa sijawahi kuikana kadi yangu. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Waranti, na jina alilonipa mama yangu limebaki kwenye kitambulisho tu.

Mwaka jana shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aligombea udiwani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na shemeji alikuwa ametembezwa mtaa mzima kwa vipaza sauti bila kupata mnunuzi. Siku ya mkutano wa mwisho akasimama fundi cherehani, mwanamke ambaye pasi zake zote tatu amezinunua kwangu. Hakumuuliza mgombea. Aliniuliza mimi.

"Waranti, huyu ungemuuza na kadi?"

Watu wakacheka. Shemeji akanitazama. Mke wangu akanitazama. Nami, kwa ujinga wangu, nikatoa kitabu cha kadi mfukoni.

Niliandika kadi mia nne na kumi na mbili. Bidhaa: zahanati ya mtaa, iwe wazi, iwe na mkunga. Muda: miezi kumi na miwili. Wenzangu huponzwa na mdomo, mimi niliponzwa na kalamu. Shemeji alishinda, akawa Mheshimiwa, akahama mtaa.

Sasa tuendelee.

Fundi cherehani alifika saa mbili asubuhi, sijamaliza hata kufungua milango. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Akatoa kadi ya njano kwenye mkoba, akailaza juu ya kaunta, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukikata.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Si mbaya. Nimerudisha bidhaa."

"Ile pasi tena?"

"Soma."

Sikuhitaji kusoma. Mwandiko wangu naujua.

"Fundi," nikasema taratibu, "hii ilikuwa mambo ya siasa."

"Imeandikwa wapi hapo kwamba ni siasa?"

Nikaigeuza kadi. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Ningeambiwa ni siasa ningejua pa kuiweka. Nilisoma sahihi yako, nikaenda kupiga kura."

"Lakini jengo la zahanati lipo. Kuta zipo, bati lipo, hata rangi imepakwa."

"Na kufuli lipo. Ukiniuzia feni haizunguki, utaniambia boksi lake ni zuri?"

Nilijaribu kucheka. Yeye hakucheka. Akavuta stuli ya wateja, akakaa, na hapo nikajua kwamba hakuja kunitania.

"Binti yangu ana mimba ya miezi minane," akasema.

"Nimesikia. Mungu amsaidie."

"Hospitali kubwa ni mwendo wa saa tatu, na barabara unaijua. Mimba ya kwanza alijifungulia njiani. Yule mtoto unajua aliko."

Nilijua. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuzika. Jeneza lilibebwa na mtu mmoja.

"Shangazi yake anaishi karibu na hospitali. Anasema aje akae huko hadi ajifungue. Lakini chumba ni kimoja na mume wa shangazi anaumwa, hajiwezi. Mwanangu hataki kwenda kuwabana. Kila nikimwambia funga mzigo, ananijibu, mama, si tuna kadi ya Waranti? Kwa hiyo nimekuja kuuliza tu. Inafanya kazi, au haifanyi?"

"Nipe hadi kesho asubuhi."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kurudisha kitu dukani kwangu akaambiwa asubiri. Akainuka, akaichukua kadi yake.

"Kesho kuna gari linaondoka saa tatu," akasema. "Atakuwa ndani yake, au hatakuwa."

Akatoka. Nyuma yake alikuwa amekwishapanga foleni kinyozi, na nyuma ya kinyozi mwalimu mstaafu, na nyuma ya mwalimu watu ambao sikutaka kuwahesabu.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyenimaliza. Alivaa miwani, akanisomea kadi yangu mwenyewe kwa sauti ya darasani.

"'Ikishindikana, muuzaji atatoa nyingine.' Haya, nitolee diwani mwingine."

"Mwalimu, sina mwingine dukani."

"Basi agiza. Nitasubiri."

Ilipofika saa tano nilikuwa nimejaza boksi zima la birika kwa kadi zilizorudishwa. Nikamwachia mke wangu duka, nikavaa koti, nikaenda ofisini kwa shemeji.

Katibu wake alinipokea kwa tabasamu la kufundishwa.

"Mheshimiwa yuko kwenye kikao."

Nikasikia kicheko cha shemeji kupitia mlangoni. Alikuwa anacheka peke yake, kama mtu aliye kwenye simu.

"Mwambie ni mume wa dada yake."

"Nimemwambia. Amesema usubiri."

Nilisubiri zaidi ya saa mbili. Benchi lilikuwa gumu na ukutani kulikuwa na picha yake akikata utepe wa kitu kisichoonekana vizuri. Siku hizi nachoka upesi. Zamani ningepanda ngazi nne na majiko mawili mikononi na bado nikafika juu na maneno ya kumtongozea mteja. Siku ile kukaa tu kulinichosha.

Hatimaye nikaitwa. Shemeji alinikumbatia, akanikalisha kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na nailoni ya dukani.

"Shemeji, umekonda."

"Watu wanarudisha kadi."

"Kadi zipi?"

"Unazijua."

Akacheka, akaketi, akafungua droo. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanisogezea.

"Hii sijawahi kumwonyesha mtu. Kabla ya uchaguzi nilituma watu wazunguke mtaani wakiuliza swali moja: kati ya watu wa kazi hizi, unamwamini nani? Soma."

Juu kabisa alikuwa nesi. Akafuata mwalimu, kisha fundi, kisha wengine. Nikashuka na kidole hadi chini. Wa pili kutoka mwisho: muuza bidhaa. Wa mwisho: mwanasiasa.

"Umeona?" akasema. "Nyinyi wauzaji nanyi hamwaminiki. Lakini mmetuzidi ngazi moja."

"Nimeona."

"Kuaminiwa kama nesi sikuhitaji. Kungenifaa nini? Ile ngazi moja ilinitosha kabisa."

Nyinyi mnaonisoma mnaweza kuniona mjinga, na haki mnayo. Mwaka mzima nilikuwa najiambia kwamba alinifuata kwa sababu mimi ni ndugu. Kumbe nilikuwa ngazi. Iliniuma, na sioni haya kusema kwamba iliniuma.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Nikamwuliza la mkunga.

"Mkunga ameombwa. Barua ipo."

"Ipo wapi?"

"Barua ipo, shemeji."

"Kuna binti wa watu ana miezi minane. Mama yake ananisubiri nimpe jibu."

"Mpe jibu zuri." Akaegemea kiti chake. "Nikwambie kitu? Kwangu mimi hajaja mtu hata mmoja kulalamika. Wamekuja kwako wangapi?"

"Wengi."

"Unajua ni kwa nini? Mtu akidanganywa na mwanasiasa anarudi zake nyumbani akapumzike. Alishajua tangu mwanzo. Akidanganywa na muuzaji anarudi dukani. Mimi hawanidhuru kwa kutoniamini, nimezoea. Wewe ndiye waliyekuamini, kwa hiyo shida ni yako."

Aliyasema bila ubaya wowote, kama daktari anayemweleza mgonjwa. Labda hapo ndipo ningepaswa kuinuka niondoke.

"Sasa fanya hivi," akaendelea. "Waongezee muda. Kadi mpya, miezi kumi na miwili mingine. Watatulia."

"Mimi siongezi muda. Nabadilisha bidhaa."

"Basi safari hii anza kuongeza."

"Siandiki."

"Kwa ajili ya dada yangu."

"Siandiki hata moja, shemeji."

Nilitegemea akasirike. Hakukasirika. Alikunja karatasi yake mara nne kama ilivyokuwa, akairudisha drooni, akanisindikiza hadi mlangoni na mkono wake begani mwangu.

"Sawa," akasema. "Nisalimie nyumbani."

Jioni nilimkuta mke wangu chumbani anakunja nguo. Alikuwa akikunja moja, anapumzika, anaukanda mkono wa kulia, kisha anachukua nyingine.

"Mkono una nini?"

"Umechoka tu. Umeonana na kaka?"

"Nimeonana naye. Anataka niandike kadi mpya. Nimemkatalia."

"Umemkatalia kaka yangu."

"Nimemkatalia diwani."

"Ni huyohuyo," akasema, na hakupandisha sauti. "Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano. Aliacha shule yeye ili nisome mimi. Alibeba zege. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Watu wa mtaani wanakuja na vijikadi siku moja, unataka kumwaibisha. Wewe vitu vyako havijawahi kuchelewa? Yale majiko ya mwaka juzi hayakuchelewa?"

"Jiko likichelewa mtu anapika kwa jirani. Binti wa fundi atajifungulia kwa jirani gani?"

"Mkunga atakuja. Kaka kasema Jumatatu."

"Kakuambia lini?"

Alichukua shati langu, akalikunja vizuri sana, akaliweka juu ya mengine. Nami nilikuwa nimechoka kiasi cha kutolirudia swali langu. Hilo nalo liandikeni kwenye makosa yangu.

Asubuhi yake nilitangulia dukani, mke wangu akinifuata kwa nyuma. Njiani nikaona jambo la ajabu. Watu walikuwa wananisalimia.

Jana yake, nilipokuwa naelekea kwa shemeji, walikuwa wananipita kama nguzo. Sasa kinyozi akanipungia taulo kutoka kwenye kibanda chake.

"Waranti, wewe ni mtu."

"Nimefanya nini?"

"Basi tu. Wewe ni mtu."

Mwalimu mstaafu akasimamisha baiskeli.

"Yangu nimeipata," akasema. "Diwani hujanibadilishia, lakini angalau umetoa tarehe. Jumatatu si mbali."

Nikadhani wananikejeli. Mtaa wetu unajua kukejeli, huweza kukufanyia hivyo wiki nzima bila mtu kukosea zamu yake. Nikaingia dukani, nikafungua droo kutoa muhuri, maana kulikuwa na mteja wa birika tangu juzi ambaye kadi yake sikuwa nimeimaliza.

Muhuri ulikuwa umelowa.

Niliugusa kwa kidole gumba, kikatoka na wino wa zambarau. Mimi nilikuwa sijapiga muhuri kwa siku tatu. Na wino wangu hukauka kwa siku moja, naujua, nimeulalamikia miaka yote.

Mke wangu alikuwa upande wa pili anafuta vumbi kwenye feni.

"Nani ameushika huu?"

Akaendelea kufuta.

"Mama, nani ameushika?"

"Kaka alimtuma mtu jana mchana," akasema. "Ulipokuwa ofisini kwake. Alikuja na kadi zimeshachapwa, za njano kama zetu. Zilikuwa zinataka muhuri tu."

Zile saa mbili za benchi. Kumbe wakati shemeji ananiomba niandike, kadi zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Alikuwa ananiomba ruhusa ya kitu kilichokwisha kufanyika.

"Muhuri tu?" nikauliza. "Na sahihi?"

Hapo akaacha kufuta.

"Nimekuona ukiiandika miaka kumi na tisa. Ningeshindwaje?"

Nikaukumbuka ule mkono wa kulia aliokuwa anaukanda. Kadi mia nne na kumi na mbili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi sikuweza kumwona hivyo. Nilimwona dada aliyelipa fadhila, na nikamwonea huruma, na nikamkasirikia, vyote kwa pamoja.

"Huyo mkunga umemwona?"

"Sijamwona."

"Jina lake unalijua?"

"Kaka kasema Jumatatu," akarudia, lakini safari hii sauti ilimwishia katikati.

Nilitaka kukaa. Sikuwahi. Fundi cherehani alikuwa ameshaingia.

Nje, kwenye kizingiti, binti yake alikuwa amekaa juu ya begi lake, mikono imelishika tumbo. Njia panda, gari la saa tatu lilikuwa linapakia na dereva anapiga honi.

Fundi aliweka kadi mbili kwenye kaunta, bega kwa bega. Ya zamani na mpya.

"Huyu alikuwa ameshafunga mzigo," akasema. "Jana jioni wakapita watu wa Mheshimiwa, wakatuachia hii. Akaanza kufungua. Nikamwambia ngoja kwanza, nikamwulize mwenyewe."

Nikaitazama ile kadi mpya. Muda umeongezwa miezi kumi na miwili. Mkunga anaanza kazi Jumatatu. Chini yake jina langu, limependeza kuliko ninavyoliandika mimi.

"Mimi ni fundi," akaendelea. "Mshono wangu naujua, na wa mwenzangu naujua. Kwenye hii ya zamani herufi ya mwisho inapanda. Kwenye hii inashuka. Lakini muhuri ni wako, kwa hiyo sitaki kujifanya mjuaji. Nakuuliza."

Mke wangu alikuwa ameshika kitambaa cha vumbi kwa mikono yote miwili.

Niliona njia zote mbili, na zote zilikuwa mbaya. Nikisema si yangu, kabla ya adhuhuri mtaa utauliza nani ameghushi, na wenye ufunguo wa duka ni watu wawili tu. Shemeji hatasema ni yeye. Atasema hajui, na polisi watakuja kwa mke wangu. Nikisema ni yangu, begi lile litashuka kizingitini na kurudi nyumbani.

"Waranti," fundi akasema, sasa kwa upole, "sikuulizi habari za mkunga. Huyo huwezi kumjua. Nakuuliza kadi tu. Ni yako, au si yako?"

"Mama, gari linaondoka," binti akaita kutoka mlangoni.

"Mume wangu," akasema mke wangu.

Nilinyoosha mkono niichukue ile kadi, niitazame kwa karibu, nipate muda. Fundi hakuitazama kadi. Alikitazama kidole changu gumba, kilichokuwa bado kimejaa wino wa zambarau, uleule wa muhuri wa kadi.

Akashusha pumzi ndefu. Uso mzima ulilegea, na nikaona jinsi alivyokuwa hajalala.

"Basi," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekushuku bure."

Akazikusanya kadi zake, akageuka. Kutoka kaunta yangu hadi mlangoni ni hatua saba. Nimezipima baadaye, mara nyingi. Ningeweza kusema kwenye hatua yoyote kati ya hizo.

"Mwambie dereva aende," akamwambia binti yake. "Ni ya Waranti mwenyewe."

Binti akainuka kwa kujivuta, mkono mmoja kiunoni, akanitazama juu ya bega la mama yake na kutabasamu.

"Ahsante, baba," akasema.

Honi ikalia mara ya mwisho, gari likaondoka njia panda, na mimi nilikuwa bado nimenyoosha mkono.